Kabla hujajilaumu, pimiwa fimbo

Muhula mzima mpira wangu ulikuwa unakwenda kushoto. Si kila mara, na hilo ndilo lililonichanganya. Nikishika draiva, mpira unanyooka kama mtu anayewahi bumu. Nikishika aironi namba 7, unavuta kushoto kidogo. Nikishika weji, zile fimbo fupi za kuchapia karibu na shimo, ndiyo basi tena: mpira unatua kwenye mchanga wa kushoto, kila siku, mpaka makedi wakaanza kuniita "Kushoto" badala ya jina langu. Ushauri wa bure haukukosekana. Geuza kiuno, shusha bega, usiinue kichwa, legeza mkono. Niliufuata wote. Ukifuata ushauri wa watu saba kwa wakati mmoja huna mwili tena, una kamati.

Aliyenitoa huko ni fundi mmoja wa fimbo, mzee aliyeanza maisha yake uwanjani kama kedi. Hakutaka hata nipige mpira. Aliichukua aironi yangu, akaigeuza, akaangalia tumbo lake. Palikuwa na mikwaruzo ya aina mbili. Ule wa zamani, uliofifia, ulikuwa katikati. Mpya, unaong'aa, ulikuwa wote upande wa kisigino, yaani kule karibu na shafti inapoingia kwenye kichwa. "Kijana," akasema, "huyu wa katikati ni mwenye fimbo. Huyu wa kisiginoni ni wewe. Umevaa suruali ya kaka yako." Akachana gripu moja kwa kisu, na kweli, ndani palikuwa na kipande cha kurefushia, inchi moja nzima. Mimi nina futi tano na inchi saba. Fimbo hizo nilizinunua kwa pesa ya bumu kutoka kwa mtu aliyeniapia kwamba "zinamfaa yeyote".

Nimeona niyaandike haya kwa sababu kila mwaka kuna wanachuo wanaokuja uwanjani kwa hamu, wanacheza miezi mitatu minne, halafu wanaacha huku wakisema, "Mimi sina kipaji." Wapo wasio na kipaji, sawa, hata mimi sijidai ninacho. Lakini nimeanza kuamini kwamba wengine hawakushindwa na gofu. Walishindwa na fimbo za mtu mwingine, na hakuna aliyewaambia.

Tuanze na jembe. Aliyelima kijijini anajua kwamba mpini wa jembe hauchukuliwi tu. Bibi akipewa mpini mrefu kuliko kimo chake anaukata, na kijana mrefu akipewa wa mfupi anarudi jioni ameshika kiuno. Hakuna anayesema huyo kijana hana kipaji cha kulima. Fimbo ya gofu ni jembe lenye masharti makali zaidi, kwa sababu kosa dogo mkononi linakua kadiri mpira unavyokwenda mbali. Kupimiwa fimbo, basi, ni kazi ya kulinganisha vitu vitano au sita vya fimbo na mwili wako na namna unavyozungusha: urefu, ulalo wa kichwa, ugumu na uzito wa shafti, unene wa gripu, mwinamo wa uso, na tumbo la weji. Si anasa ya mabosi. Nusu ya kazi hiyo inafanyika kwa futi kamba, kalamu ya kuandikia ubaoni na kipande cha gundi ya karatasi.

Urefu wengi wanaukosea kwa sababu wanaangalia kimo peke yake. Watu wawili wenye futi sita wanaweza kuhitaji fimbo tofauti kabisa, mmoja mikono inafika karibu na magoti, mwingine imekomea kiunoni. Kwa hiyo fundi hupima vitu viwili: kimo, na umbali kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Unasimama wima umevaa viatu, mikono umeiachia, hukazi mabega. Mwenzako anapima. Kila kampuni ina jedwali lake la kusoma vipimo hivyo viwili pamoja. Aironi namba 7 ya kawaida ya kiume ina takriban inchi 37, na kutoka namba moja hadi nyingine fimbo hupishana kama nusu inchi. Ukiona fundi anakuongezea au kukupunguzia inchi mbili kwa mkupuo, muulize vizuri, maana wengi wetu tunaangukia ndani ya nusu inchi tu kutoka kwenye kawaida.

Fimbo fupi mno inakulazimisha kuinama, na mgongo ndio unaolipa. Fimbo ndefu mno inakusimamisha wima, mpira unaugonga kwa kisigino, na ncha ya fimbo inaangalia juu. Hapo ndipo tunapoingia kwenye ulalo, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa.

Ulalo ni pembe iliyopo kati ya shafti na ardhi wakati kichwa kimetulia chini. Kwa aironi namba 7 huwa karibu digrii 62 au 63 (digrii za protrakta, si zile za kuvalia joho). Unapogonga mpira, tumbo la fimbo linatakiwa liwe sambamba na ardhi. Ncha ikiwa juu, uso wa fimbo hauangalii tena shimo, unaangalia kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Ncha ikiwa chini, unaangalia kulia. Watu wanabisha hapa: uso nimeuelekeza mbele, utaangaliaje pembeni? Chukua daftari gumu, liinamishe kama paa la nyumba, halafu inua kona moja. Paa limegeuka upande. Kadiri paa lilivyolala zaidi ndivyo linavyogeuka zaidi ukiinua kona ileile.

Waliosoma hesabu za kidato cha tano watalitambua hili mara moja. Kosa la mwelekeo ni takriban kosa la ulalo ukizidisha kwa tan ya mwinamo wa uso. Fimbo zangu zilikuwa zimezidi digrii 4. Draiva ina mwinamo wa kama digrii 10, na tan yake ni 0.18, kwa hiyo hata draiva ikizidi digrii 4 kosa ni chini ya digrii moja, hulioni. Aironi namba 7 yenye digrii 34, tan yake ni 0.67: kosa linakuwa kama digrii 2.7. Kwenye mita 130 hiyo ni mita 6 kushoto, kabla mpira haujaanza kujikunja wenyewe angani. Weji ya digrii 56, tan yake ni 1.48: kosa linakaribia digrii 6. Kwenye mita 70 unakosa kwa mita 7, nje ya grini, ndani ya mchanga. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinitokea, kwa mpangilio uleule. Mzungusho wangu haukuwa mzuri, lakini mzungusho mbaya ungeharibu draiva kuliko kitu kingine chochote. Fimbo fupi zikikupoteza upande mmoja huku ndefu zikinyooka, shuku ulalo kwanza.

Kupima mwenyewe si kazi. Bandika gundi ya karatasi kwenye tumbo la aironi, weka mpira juu ya ubao mgumu au kipande cha mpira wa sakafu, piga kama kawaida mara tano sita. Alama ikiwa katikati, uko salama. Ikiwa kisiginoni, fimbo imesimama mno kwako. Ikiwa kwenye ncha, imelala mno. Njia ya pili: chora mstari wima kwa kalamu nzito nyuma ya mpira, uuelekeze kwenye uso wa fimbo, kisha piga. Wino unajichapa usoni. Mstari ukisimama wima, ulalo unakufaa, ukiinama, haukufai. Usisome mikwaruzo ya zamani ya fimbo za mtumba ukadhani ni yako. Mimi nilibahatika kwa kuwa mwenyewe wa kwanza aliacha yake katikati.

Aliyelifanya jambo hili liwe la kawaida duniani ni Karsten Solheim, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani, mhandisi wa General Electric aliyekuwa anaudhika na pata yake, ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini. Mwaka 1959 akajitengenezea yake, ikigonga mpira inalia "ping", na huo ndio ukawa jina la kampuni. Baadaye kampuni hiyo ikaanza kuweka kitone cha rangi kwenye kila aironi kuonyesha ulalo wake: cheusi ni kawaida, rangi nyingine ni kusimama au kulala zaidi. Ukikuta fimbo za Ping sokoni kwenye mtumba, angalia kitone kabla ya kuuliza bei. Rangi hiyo inakuambia kuhusu mwili wa aliyezinunua mwanzo.

Mpangilio wa kazi una maana. Urefu ukibadilika, ulalo nao unabadilika ukiwa mkononi: nusu inchi ni kama digrii moja. Kwa hiyo fundi anamaliza urefu kwanza, halafu ndipo anakunja shingo ya kichwa kwenye jiliwa kwa chuma maalumu. Akianza kukunja halafu akakata, atakunja tena. Kwangu kutoa kile kipande cha inchi moja kulirudisha digrii mbili peke yake, zilizobaki mbili zikakunjwa. Tahadhari: vichwa vilivyofuliwa kwa nyundo hukunjika vizuri, vilivyomiminwa kwenye kalibu vingine ni vigumu na vinaweza kupasuka. Fundi anayekunja bila kuuliza fimbo imetengenezwaje, chukua begi lako uondoke. Na ukikata fimbo, kichwa kinakuwa chepesi mkononi, utahisi umeshika fagio. Dawa yake ni kipande cha risasi ya kubandika nyuma ya kichwa, gramu chache tu.

Sasa shafti. Hapa ndipo ubishi wa vijana ulipo, maana shafti zimeandikwa herufi na herufi zinaleta majivuno. L ni ya kike, A ni ya wazee, R ya kawaida, S ngumu, X ngumu zaidi. Kijana wa mwaka wa kwanza anakwambia, "Nipe S, mimi nina nguvu." Nguvu haipimwi hivyo. Kinachopimwa ni kasi ya kichwa cha fimbo kinapofika kwenye mpira, na kwa makadirio ya mafundi wengi, draiva ya R inamfaa mwenye kasi ya kama kilomita 137 hadi 153 kwa saa, S kutoka hapo hadi karibu 169, na juu ya hapo X. Shafti ikiwa ngumu kuliko kasi yako, mara nyingi mpira unakwenda chini na kulia, na viganja vinauma kama umepiga nondo. Ikiwa laini mno, kichwa kinachelewa au kinawahi, leo kushoto kesho kulia, hujui kesho kutwa.

Tena herufi zenyewe hazina sheria. Hakuna chombo kinachosema R iwe na ugumu gani. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya jirani yake. Ndiyo maana herufi ni ya kuanzia mazungumzo tu. Uzito nao unasema mengi: shafti ya chuma kwa aironi huwa gramu 95 hadi 130 hivi, ya grafaiti inaweza kushuka chini ya 70. Mtu aliyechoka kwenye shimo la 14 mara nyingi tatizo lake ni uzito, si ugumu.

Hilo la L linaniudhi kidogo. Kwenye kundi letu kuna dada mmoja wa mwaka wa pili, mrusha mkuki tangu sekondari. Alipofika alipewa begi la "fimbo za kike", shafti laini kama bakora ya mlonge, fupi, na yeye ni mrefu kuliko nusu ya wavulana. Mpira wake ulikuwa unaruka juu kama kiarifu cha fataki na kuangukia popote. Mwenyekiti wetu akamwambia kwa upole kwamba labda ajaribu netiboli. Siku tuliyopata nafasi ya kusimama mbele ya mashine, kasi yake ilikuwa ya pili kwa ukubwa katika watu tisa. Mwili wake ulihitaji R ya kawaida yenye urefu wa kawaida, fimbo zilezile zilizokuwa zimejazana kwenye begi la wavulana. Sasa swali langu kwa uongozi wa michezo: wangapi walikuja kabla yake wakatumwa netiboli?

Gripu haina maneno mengi. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto kama unacheza kulia. Vidole viwili vya katikati vinatakiwa viguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Vikichimba, gripu ni nyembamba na mikono itacheza mno, mpira uvute kushoto. Visipofika, ni nene, mikono itakaza na mpira ubaki kulia. Kuinenepesha ni kuzungusha tabaka moja mbili za gundi ya karatasi chini yake. Na kwa joto letu la pwani, jasho na mafuta ya mikono huifanya gripu iwe kama sabuni. Ioshe kwa maji na sabuni ya kufulia, ipake brashi, ianike kivulini. Nimeona mtu akinunua draiva mpya wakati tatizo lake lilikuwa uchafu.

Namba za aironi nazo zisikudanganye. Zamani, tuseme miaka ya 1970, aironi namba 7 ilikuwa na mwinamo wa digrii 36 au zaidi. Siku hizi wapo wanaoitengeneza na digrii 30, hata chini ya hapo, kisha wanakwambia inafika mbali. Lazima ifike mbali, ni namba 6 au 5 ya babu yako iliyobadilishwa namba. Kwenye begi la mtumba lililochanganywa seti mbili unaweza kukuta namba 7 na namba 6 zenye mwinamo mmoja, halafu kati ya 9 na weji pana shimo la kutosha kupitisha daladala. Sheria inaruhusu fimbo 14. Mwanafunzi anahitaji saba au nane zinazopishana sawasawa.

Watu huuliza kama kuna kipimo sahihi kimoja, jibu likatafutwe kwa wakubwa. Mtazame Bryson DeChambeau, Mmarekani aliyesoma fizikia chuo kikuu. Aironi zake zote zina urefu mmoja, kama inchi 37 na nusu, kuanzia ndefu hadi weji, ili asimame vilevile kila mara. Ameshinda US Open mara mbili, 2020 na 2024. Wenzake karibu wote wanatumia urefu unaopishana, nao wanashinda. Au Phil Mickelson, anayeandika kwa mkono wa kulia lakini anacheza gofu kwa kushoto kwa sababu alijifunza akimtazama baba yake kama kwenye kioo. Hilo liwafikie wenzetu wa mashoto. Mkiambiwa "cheza kulia tu, fimbo za kushoto hakuna," uhaba wa fimbo ni kweli, ila usiwe sababu ya kuwaambia kwamba mmeumbwa vibaya.

Kuna jambo ambalo mafundi wa Ulaya hawatakueleza kwa sababu si la kwao: ardhi na hewa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kwa karibu asilimia 6 kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Fimbo iliyokupa mita 150 Muthaiga itakupa kama 141 ukishuka pwani. Kwenye hewa nyepesi mpira hupanda kidogo na kujikunja kidogo, kwa hiyo makosa yako yanafichwa. Ukipimiwa kule halafu ukaja kucheza huku kwenye upepo wa bahari, usimlaumu fundi. Mwambie mapema utachezea wapi.

Nyasi pia. Nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na zimepewa jina la Wakikuyu, zimesambaa duniani mpaka zinatandikwa Riviera kule Los Angeles. Ni nene na zinashika. Mpira ukizama ndani yake, majani yanaikamata shingo ya fimbo na kuuzungusha uso. Aironi ndefu na nyembamba humo ni mateso, afadhali fimbo yenye kichwa kipana au weji yenye mwinamo mkubwa. Na weji ina kitu wengi hawakiangalii, ule uvimbe wa chini ya tumbo unaozuia fimbo isizame. Umeandikwa kwa digrii: 4 hadi 6 ni mdogo, 10 hadi 14 ni mkubwa. Mchanga mwingi laini unataka mkubwa. Kiangazi kikikaza uwanja ukawa kama barabara ya murram, uvimbe mkubwa unadunda ardhini na ukingo wa fimbo unaupiga mpira katikati, unaruka hadi grini ya pili. Ukiwa na weji moja tu, chukua ya kati, 8 hivi.

Mashine nilizozitaja juu juu. Zinatumia rada au kamera, na ya Kidenmaki, TrackMan, ndiyo inayotajwa sana. Zinakupa kasi ya fimbo, kasi ya mpira, pembe ya kuruka na idadi ya mizunguko ya mpira kwa dakika. Namba ya kuangalia kwa mwanafunzi ni kasi ya mpira ukiigawa kwa kasi ya fimbo. Kwa draiva, 1.5 ndiyo dari. Ukiwa na 1.3, unagonga pembeni ya uso, na kubadilisha shafti ya bei kali hakutakusaidia kama kufupisha fimbo kidogo. Draiva nyingi za dukani ni inchi 45 na nusu au zaidi kwa sababu urefu unauza, na mwanzo wa kuigonga katikati ni kuishika chini kidogo. Hilo ni bure.

Ila mashine inapima siku ile tu. Mtu akijua anatazamwa, na nyuma yake yupo muuzaji, anazungusha kwa nguvu ambazo hana Jumamosi ya kawaida. Fundi mzuri anakuacha upige mipira 15 ya kupasha mwili kabla ya kuandika kitu, halafu anatupa mkwaju bora na mbaya kabisa. Anayechukua ule mkwaju mmoja uliofika mbali na kukuuzia fimbo kwa huo, anakuuzia ndoto yako mwenyewe.

Walimu wengi wanasema jifunze kwanza, upimiwe baadaye, maana mzungusho wa mwanafunzi unabadilika kila wiki. Nakubaliana nao nusu. Ugumu wa shafti na mizunguko ya mpira, sawa, subiri. Lakini urefu wa mkono wako haubadiliki kwa mafunzo. Ukijifunza miezi sita kwa fimbo iliyosimama mno, mwili wako unajifundisha kuikwepa hiyo kushoto: unachelewesha viganja, unasukuma kulia. Siku ukipewa fimbo sahihi, ule ukwepaji unabaki, na mpira sasa unakwenda kulia. Mimi nimo humo mpaka leo. Namna hiyo urefu, ulalo na gripu vinafaa kupimwa wiki ya kwanza.

Kwa mwenye pesa ya kuunga unga, mimi ningeanza na gripu, kuosha na kunenepesha. Halafu pata, ambayo watu wanaisahau ilhali kwenye uwanja wa mikwaju 72, mikwaju 36 imetengewa grini. Simama kama unasukuma, macho yawe juu ya mpira au ndani kidogo ya mstari wake. Kama macho yako ndani sana upande wa miguu yako na mwisho wa gripu unakugusa tumbo, pata ni ndefu, na kuikata ni kazi ya msumeno wa chuma na dakika kumi. Baada ya hapo ulalo wa aironi, kwa fundi, na ukienda na wenzako watano bei inashuka. Draiva iwe ya mwisho. Najua hakuna atakayenisikiliza kwenye hilo.

Begi la pamoja la klabu yetu tumelipima lote likizo iliyopita. Fimbo 41, kila moja tumeifungia utepe wa rangi shingoni: mweupe ya watu wa urefu wa kati, bluu ya warefu, mwekundu ya wafupi, na hakuna tena "ya kike". Sita ni za kushoto, zilikuwa zimelala chini kabisa na hakuna aliyejua. Aironi zangu zimekunjwa na zinakwenda sawa, isipokuwa weji ya digrii 56. Ile ni ya kumimina, na mzee ameigoma. Anasema akiikunja itapasuka, na bumu linalofuata bado.